Jina Katika Ukingo wa Nishani

Nishani ya vita hutazamwa kwanza usoni. Upande mmoja mna sura ya mfalme. Upande wa pili mna farasi na mpandaji wake, au mwanamke akifuatana na simba. Mkusanyaji aliyebobea katika kazi yake hakawii hapo. Huilaza nishani ubavu akausoma ukingo wake, kwa kuwa ndipo zilipochorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Tangu nishani ya vita vya Waterloo vya 1815, Waingereza walikuwa na desturi ya kuchora jina hata la askari wa chini kabisa, na desturi hiyo imezaa elimu nzima ya kuwatafuta wenye nishani katika madaftari ya jeshi. Elimu hiyo ina sifa zake. Lakini ikiletwa Afrika ya Mashariki, yafaa ihakikiwe kama ihakikiwavyo elimu yoyote ya kusoma maandiko, maana ukingo wa nishani ni andiko, ingawa ni la mstari mmoja tu.

Jeshi lililoeneza nishani hizo katika nchi zetu ni King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Waswahili walilikatia jina refu hilo wakaliita Keya. Mwaka huo huo wa 1902 ilianzishwa Nishani ya Afrika, iliyovaliwa pamoja na vipande vya chuma juu ya utepe kuonyesha vita ambavyo mwenyewe alikuwamo: Somalia, Nandi, Jubaland, na mwisho Kenya ya 1952 hadi 1956. Ilifuata nishani ya fedha ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Hizo zote zilichorwa majina. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, serikali ya Uingereza haikuchora majina katika nyota na nishani zilizotolewa kwa wingi. Majeshi machache tu, kama yale ya Afrika ya Kusini na Australia, ndiyo yaliyozichora zake. Kwa hiyo askari wa Tanganyika aliyepigana Uhabeshi, Madagaska na Burma aweza kuwa ameacha nishani nyingi kuliko babake aliyepigana 1917, na zote zisiseme ni za nani. Zikishatoka nyumbani mwake, hakuna wa kuzirudisha kwake kwa kusoma.

Kosa la kwanza la mkusanyaji ni kudhani kwamba nishani iliyochorwa jina imekwisha kusema ni ya nani. Jina lile halikuandikwa na mwenyewe. Lilitamkwa na kijana mbele ya meza ya karani. Karani akalisikia kwa masikio ya lugha yake, akaliandika kwa tahajia aliyoiweza. Mwingine akalinakili katika daftari. Na fundi wa Uingereza akalichora pasipo kumwona mwenye jina. Wasomi wa tenzi wanaijua hali hii. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi huko Mrima, uliotolewa na J. W. T. Allen, na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, uliotolewa mwaka 1957, ni tungo za wenyeji waliovisimulia vita kwa lugha yao wenyewe. Hata hivyo hakuna mhariri wa tenzi mwenye busara anayeipokea nakala kabla ya kuuliza ilinakiliwa na nani, na mkono wa mwandishi uliteleza wapi. Andiko la ukingoni linastahili maswali yayo hayo, na hupata machache mno.

Tena kuna majina ya kambini. Askari wengi, wa Wadachi na wa Waingereza, waliingia jeshini na jina la nyumbani wakaishi humo kwa jina la Kiislamu, kwa sababu Uislamu ulikuwa na nguvu katika kambi na ndio uliowapa udugu mpya. Juma wa daftarini huenda hakujulikana kwa jina la Juma katika kijiji chake. Mtafutaji anayetoka London na karatasi mkononi akiulizia Juma atajibiwa kweli kwamba hapakuwa na mtu wa jina hilo, naye ataandika kwamba ukoo umepotea. Haukupotea ukoo, limeulizwa jina lisilo lake.

Ugumu huo huonekana wazi zaidi katika nchi ya Wamaasai. Tufikiri habari ya Oloipiri, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mahali palipo karibu na mpaka wa Kenya. Mpaka ule uliwagawa watu wa lugha moja, ukawafanya wengine kuwa raia wa Wadachi na wengine wa Waingereza. Kwa hiyo vita vya 1914 viliwakuta ndugu chini ya bendera mbili. Huko, jina la mwanamume hufuatwa na neno «ole» na jina la ukoo au la baba. Karani asiyejua aweza kulishika «ole» kama ndilo jina, au kuliacha kabisa, akamtenga mtu na ukoo wake kwa kalamu moja. Na kinachomtambulisha mzee wa Kimaasai si mwaka wa kuzaliwa wala namba, bali rika lake, kama Iltareto, Ilterito au Ilnyangusi, pamoja na ukoo wake na boma lake. Ukingo wa nishani hautaji rika. Unataja cheo, jambo ambalo bomani si jibu la swali lolote.

Isitoshe, waandishi wa kwanza wa habari za Wamaasai walitaja desturi ya kuepuka kulitamka jina la marehemu. Hapa elimu mbili zinakutana uso kwa uso. Moja yasema kwamba kumheshimu mfu ni kulichora jina lake lisifutike. Nyingine yasema kwamba kumheshimu ni kuliacha lipumzike. Mkusanyaji anayefika na jina la mfu midomoni aweza kukisoma kimya cha wazee kama usahaulifu, ilhali huenda ni adabu. Uhakiki mwema hauna budi kujua kusoma hata kimya.

Wala nchi haiwezi kupimwa kwa wingi wa nishani zake. Mwezi wa Septemba 1918, upande wa pili wa mpaka, huko Ololulunga katika wilaya ya Narok, askari wa Keya waliwafyatulia risasi Wamaasai katika mvutano uliotokana na kuwaandikisha morani jeshini kwa nguvu. Kukataa kule nako kulikuwa ni tendo la vita, lakini hakuna nishani iliyolitunza. Anayeandika historia kwa nishani peke yake ataandika habari za waliokubali, na kuwaacha waliokataa.

Wako pia waliotumika bila kuhesabiwa. Wapagazi wa Vita Kuu, waliobeba vyakula na risasi kwa maelfu mengi na kufa kwa njaa, kuhara na malaria, jina lao la jumla limebaki katika mtaa wa Dar es Salaam uitwao Kariakoo, ambalo ni tamko letu la jina la Kiingereza la kikosi chao. Majina yao mmoja mmoja hayakubaki hivyo. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, pamoja na ndugu yake ya Nairobi, ina maneno yanayowaahidi wapiganaji kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Na sanamu yenyewe haitaji jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Haki, hata hivyo, inataka upande wa pili nao usikilizwe. Bei ya fedha ilipopanda sana kufikia mwaka 1980, nishani nyingi za Vita Kuu ziliyeyushwa, kwa kuwa uzito wake ulizidi thamani ya historia yake machoni pa wauzaji. Zilizookoka ziliokolewa aghalabu na wakusanyaji. Wao ndio wanaovumilia kupekua madaftari yaliyohifadhiwa Kew, London, na wao ndio huwasahihisha wanahistoria kwa tarehe na namba. Mwenye kuwadharau hana budi kwanza aonyeshe yeye amehifadhi nini.

Lawama basi haiwi juu ya kukusanya, ila juu ya mahali utafutaji unapokoma. Kwa kawaida hukoma daftarini: askari amepatikana katika orodha, kikosi chake kimejulikana, bei imepanda, na kabati limefungwa. Lakini orodha ni mwanzo wa kisa, si mwisho wake. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya, akapigana Burma; baada ya miaka michache alikuwa Jenerali China msituni Kenya, akiwapiga wale wale waliomfundisha silaha. Daftari la Burma lingemwonyesha kuwa askari mtiifu wa mfalme, nalo lisingesema uongo, ila kweli yake ingekuwa nusu. Askari wengine wa Keya walipewa nishani yenye neno Kenya kwa kumwinda yeye na wenzake. Nishani mbili za jeshi moja zaweza kuwa za watu waliolengana bunduki.

Kazi inayongoja wanafunzi wa vyuo vyetu yaonekana wazi. Jina la ukingoni lisomwe kwa sauti na mjuzi wa lugha ya mwenyewe, lijaribiwe katika tahajia zote ziwezekanazo, kisha lipelekwe kwa wazee pamoja na maswali ya ukoo na rika, na kwa ruhusa yao. Magazeti ya askari, kama Heshima, yapekuliwe. Na nishani zisizo na majina ziandikwe habari zake sasa, kungali na watoto na wajukuu wajuao zilivaliwa na nani. Maana kila moja inayouzwa bila maelezo huwa kipande cha madini, na hakuna daftari la Kew litakaloweza kuitafutia mwenyewe.