Msizi wa Kwamkoro na Kosa la Kusahau Hondohondo

Ukisimama Lutindi alfajiri, ukungu umejaa bonde zima la Lwengera na vilele vya Usambara vinaelea juu yake. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini watafiti wa ndege huiita milima hii visiwa. Ndege aliyezoea msitu wa juu hateremki kuvuka mkonge na vichaka vya joto kutafuta makao mengine. Kisiwa chake ndicho hicho. Waliopanda mti wa msizi kule msitu wa Kwamkoro miaka ya 1960 walikuwa wanacheza na kila alicho nacho ndege huyo, na mimi kosa lao silisamehe mpaka leo.

Ndege mwenyewe ni mnana wa Usambara. Mnaomfuatilia mnamjua: mgongo wa giza, tumbo la njano, kifuani rangi ya kutu. Ni wa jamaa ya minana, wenye undugu na machiriku, lakini usimtafute kwenye mpunga wala kwenye mnazi uliojaa viota na kelele. Huyu hupita juu kabisa, akitambaa kwenye matawi makuu na kuchokoa wadudu ndani ya kuvumwani. Nje ya Usambara yuko Uluguru na Udzungwa, basi. Anahitaji tawi nene, kuukuu, lenye unyevu, na tawi la namna hiyo hulipati kwenye mti uliokimbilia juu kwa miaka michache.

Sasa tulitazame tukio lenyewe la Kwamkoro. Miti mikubwa imeshavunwa, dari la msitu limetoboka, jua linafika chini. Bwana misitu ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuliacha pengo lijifunge lenyewe; msitu wa mvua unajua kazi hiyo. Anaweza kupanda mnyasa, msambu na wenzao wa hapohapo, akubali kungoja. Au anaweza kuleta mti mgeni unaokua mbio. Akachagua wa tatu.

Najua nitaambiwa kwamba msizi ni mti wa Afrika. Ndiyo, ni wa kwao Uganda, Kongo na kandokando ya Ziwa Victoria. Usambara ni mgeni sawasawa na mkaratusi. Nitaambiwa pia kwamba shina lake limenyooka, miche yake haisumbui na mbao zinapatikana upesi. Kwenye shamba la mbao hiyo ni hesabu nzuri kabisa. Kuupanda katikati ya msitu wa asili ni kosa la kiufundi, na kosa liko kwenye tunda.

Tunda la msizi likiiva linakolea zambarau. Lina nyama ya kumtosha ndege mkubwa, na ndani yake kokwa ngumu. Hondohondo hulimeza zima, akaruka nalo, na kokwa akaitapika mbali na mti mama. Tena hondohondo si ndege wa kula mara moja kwa siku. Jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo mpaka ubaki mwanya wa kupitisha mdomo, na dume humlisha kupitia hapo, tunda moja baada ya jingine kutoka kooni. Msimu mmoja wa kulea, dume mmoja aweza kuleta matunda kama 24,000 katika safari zipatazo 1,600. Mpe ndege wa namna hiyo tunda geni, na mbegu zake zitafika kila pengo la msitu ambalo wewe hutafika maishani mwako.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yalikwisha kuandikwa. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau na mkewe Winifred walikaa hukohuko Usambara, pale Amani, wakiwachunguza hondohondo hao, na makala yao ikatoka mwaka 1941. Kutoka Amani hadi Kwamkoro mtu anakwenda kwa miguu. Miaka ishirini na ushee baadaye miche ikapandwa kana kwamba hakuna aliyewahi kumtazama ndege huyo akila.

Halafu ukaja msumeno mkubwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya mbao ya Sikh Saw Mills ya Tanga, kwa fedha za Finland, iliingia msituni na mitambo mizito. Kila gogo lililoburutwa liliacha njia, na kila njia ikawa kitalu cha msizi, si cha tawi kuukuu analohitaji mnana.

Uvunaji ulisimamishwa miaka ya 1980, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa mwaka 1997, Finland hiyohiyo ikiwa msaidizi, msitu wa Nilo nao ukafuata, na ule wa Derema ukahifadhiwa ili kuunganisha vipande vya msitu. Kazi njema.

Lakini nimesema mara nyingi kwenye safu hii na nitasema tena: kupanda mti na kurudisha msitu ni mambo mawili. Kila msimu wa mvua naona sherehe, mgeni rasmi, miche ya kigeni, picha, na hakuna anayeuliza tunda la mti huo litaliwa na nani. Salimu Asmani angeuliza. Yeye ndiye aliyekuwa jicho la Moreau msituni, na wengi wanaojiita wataalamu wa ndege leo hata jina lake hawalijui. Kizazi chake kilianza kwa kukaa chini ya mti na kutazama.

Tazama wenzetu wanavyopambana na kiumbe mgeni: kule visiwa vya Galápagos, chiriku wa mikoko wamebaki kama 100, na adui wao mmoja ni nzi aliyeletwa visiwani na watu. Wahifadhi wa huko walifikia hatua ya kuchukua mayai na kulea makinda kwa mkono. Sisi mgeni wetu anachanua mbele ya macho yetu.

Kuukata msizi ovyo pia ni kosa, maana kila unapoanguka unafungua pengo jipya na miche yake inangoja hapohapo. Uchunwe gome ufe umesimama, tuanze na ile inayozaa karibu na viota vya hondohondo, na miche ing'olewe kwa mkono ingali midogo. Mara ya mwisho kupita njia ya Kwamkoro niliinama chini ya mnyasa mmoja mkubwa wanapopenda kutua hondohondo. Kokwa za msizi zilikuwa zimetapakaa kwenye majani makavu, nyingine zimeshapasuka. Nikang'oa mche wenye majani manne. Mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko shina.