HAPA NA HUMU: USIMULIZI WA KIONGOZI WA WATALII MJI MKONGWE

Usimulizi wa kiongozi wa watalii una fanani na hadhira. Kwa hiyo nao wastahili kuhakikiwa. Tuchukue mfano wa Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa la mahali hapo lilifungwa mwaka 1873, kisha Kanisa Kuu la Kianglikana likajengwa kiwanjani pake. Kiongozi asemapo kwamba watumwa waliuzwa hapa, asema kweli. Lakini akiwateremsha wageni katika vyumba vya chini vya jengo jirani na kudai kwamba walifungiwa humu, amekosea: jengo hilo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa.

Kasoro yote imo katika kiambishi kimoja cha mahali. Wapo watakaoitetea kwa kuwa huamsha huruma. Hoja hiyo haikubaliki. Kwetu mashariki ya Kongo, ambako misafara iliwateka watu wa Manyema, waliouzwa ni jamaa, si pambo la hadithi. Tena, mgeni atakayegundua kwamba "humu" si kweli, ataishuku na "hapa". Kiongozi mwaminifu na asimame uwanjani. Pale panatosha kwa majonzi.