Kapsuli Moja, Kiganja Kimoja cha Kahawa

Nilipasua kapsuli ya kahawa kwa kisu juu ya meza ya jikoni huko Runyenjes, kaunti ya Embu, nikaumwaga unga wake kwenye mizani ndogo ya kupimia viungo. Mizani ikasoma gramu 5 na nusu. Mwenyeji wangu ni mzee aliyelima kahawa tangu ujana wake, na mashine yake ya kapsuli alitumiwa na mwanawe aliye ughaibuni. Alichukua unga kidogo kwa vidole, akaunusa, akaniuliza: "Mwanangu, hapa pameingia kahawa kiasi gani ya shambani?" Nikamwambia, "Mzee, tupige hesabu."

Takriban kilo 7 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya buni safi, baada ya kumenywa, kuchachushwa, kuoshwa, kuanikwa na kukobolewa. Ikikaangwa, buni hupoteza kama asilimia 15 ya uzito wake. Kwa hiyo kilo moja iliyochumwa kwenye mbuni wa mzee hubaki gramu 120 hivi, zinazotosha kapsuli ishirini na moja au mbili. Kila kapsuli imekula kiganja kimoja cha kahawa mbivu. Ulaya, kapsuli ya kawaida huuzwa karibu nusu yuro, kwa hiyo ile kilo moja hugeuka kuwa yuro 10 au zaidi dukani. Mkulima akilipwa shilingi 100 kwa kilo, malipo ambayo viwanda vingi vya Embu na Meru havikuyafikia kwa miaka mingi, mkononi mwake haijafika hata yuro moja. Pengo hilo limegawanywa kwa wengi: kinu, mnada wa Nairobi, meli, mkaangaji, mtengeneza alumini, mwenye duka na kodi za serikali. Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia niwashe mashine.

Kazi inayofanywa na mashine hii ni ya kusifiwa. Kahawa ikishasagwa, harufu yake huanza kutoroka mara moja, na hewa huuharibu unga kwa siku chache tu. Mhandisi Eric Favre wa kampuni ya Nestlé huko Uswisi aliombea hataza mfumo wa kapsuli mwaka 1976, na mwaka 1986 Nespresso ikaanza kuuza mashine. Ganda la alumini huzuia hewa, mwanga na unyevu, kwa hiyo kila kikombe hutoka kwenye pakiti iliyofunguliwa sekunde ile ile. Mashine hutoboa matundu upande mmoja wa kapsuli, pampu husukuma maji ya moto kwa nguvu, shinikizo hupanda hadi kifuniko cha upande wa pili kipasuke kwenye bamba lenye meno, na katika nusu dakika mililita 40 za kahawa nzito zenye povu zimeshuka. Kipimo hakibadiliki, awe anayebonyeza kitufe ni fundi wa kahawa au mtoto wa shule.

Marekani wana ndugu yake, kikombe cha plastiki cha Keurig chenye karatasi ya kuchujia ndani. Hicho hufanya kazi kwa shinikizo dogo na hutoa kikombe kikubwa chepesi.

Kasoro ya kwanza niliiona pale pale mezani. Mzee alileta kikombe chake cha kila siku, kile cha chai, cha karibu mililita 300. Mililita 40 zilifunika kitako tu. Akabonyeza tena, bila kubadilisha kapsuli, mpaka kikombe kikafika nusu. Wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo kahawa inapoharibika. Maji yanapopita kwenye unga hutangulia kubeba uchachu na manukato, kisha utamu, na mwishowe uchungu. Ukiendelea kusukuma maji kwenye gramu 5 zilizokwisha kutoa kilicho chema, unakamua uchungu mtupu. Kujaza kikombe cha Embu kwa haki kungehitaji kapsuli saba au nane, na bei yake ingekuwa mara saba au nane.

Kasoro ya pili ni umeme. Mashine hizi hutumia wati 1,200 hadi 1,500 zinapochemsha maji. Stima ikipotea, kapsuli ni kopo lililofungwa, na sola ndogo ya nyumbani inayowasha taa na kuchaji simu haiwezi kuibeba. Pia tazama birika lako: likiwa na utando mweupe ndani, ujue utando huo huo utaziba mirija ya mashine, na usipoisafisha itakufa mapema.

Takataka ndizo zinazolaumiwa zaidi. Mwaka 2016 jiji la Hamburg, Ujerumani, lilizuia ofisi zake za umma kununua kahawa ya kapsuli kwa fedha za serikali. John Sylvan, mmoja wa waliobuni kikombe cha Keurig, amesema hadharani kwamba wakati mwingine hujutia kukibuni. Watetezi wa kapsuli hujibu kwamba alumini huyeyushwa na kutumika tena. Ni kweli, lakini ganda moja lina uzito wa gramu moja hivi. Anayenunua vyuma chakavu sokoni Embu au Meru hulipa kwa kilo, na ili umpelekee kilo moja itabidi ukusanye maganda kama 1,000, uyapasue na kukung'uta machicha yaliyolowa ndani yake. Hakuna atakayeifanya kazi hiyo. Maganda yataishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, na ya plastiki yatachomwa pamoja na majani.

Hata hivyo, kuna hoja moja ya upande wa kapsuli ambayo lazima nikiri ina uzito. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Québec huko Chicoutimi, Canada, walilinganisha njia za kutayarisha kahawa. Waliona kwamba mzigo mkubwa kwa mazingira uko kwenye kahawa yenyewe, yaani mbolea, maji na nishati inayotumika kuilima, kuliko kwenye ganda. Anayejaza chujio bila kupima, kisha akamwaga nusu ya birika iliyopoa, anaweza kuharibu zaidi ya mwenye kapsuli. Mkulima anayejua bei ya gunia la mbolea hahitaji hoja hii ifafanuliwe.

Basi sifa za kapsuli ni mbili: kipimo na uhai wa kahawa. Zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na shamba. Je, mtu wa Embu na Meru yuko mbali?

Kwa ramani, yuko karibu kuliko wote. Meru, Embu na Kisii zilikuwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, kwa sababu zilikuwa mbali na mashamba ya walowezi waliotaka zao hilo liwe lao peke yao. Miaka ile ile maabara ya Scott huko Kabete ilichagua mbegu ya SL28, ambayo uchachu wake wa tunda unasifiwa na waonjaji wa dunia nzima. Upandapo Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, chai iko juu karibu na msitu, kahawa iko katikati, na chini huko Mbeere kuna mtama na muguka. Katika ukanda huo wa katikati, nyumba kwa nyumba, kinachonywewa asubuhi ni chai ya maziwa. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huuzwa nje. Inaondoka kiwandani ikiwa bado na ngozi yake, inakobolewa mbali, inakaangwa ng'ambo, na inayorudi dukani ni ya unga wa kopo. Mzee amekaa na mbuni nusu karne na jikoni mwake hamna kahawa iliyokaangwa. Ndiyo maana mashine ya Uswisi ilimkuta kama mgeni.

Pwani hawakuruka hatua hiyo ya kujitengenezea kahawa. Muuza kahawa wa Mombasa, na dele lake juu ya makaa, humimina kikombe kimoja kidogo kwa mteja mmoja, moto na kwa kipimo, na hakuna ganda linalobaki. Kikombe kikioshwa, kinamngoja mwingine.

Tulifanya jaribio la mwisho. Nilikuwa na pakiti ya kahawa iliyokaangwa wiki ile, ya wakulima wa mlima huo huo. Nilipima gramu 15, nikazisaga kwa mashine ndogo ya mkono, nikazitia kwenye jagi na mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo. Tulingoja dakika 4, tukachuja kwa chujio la chai. Mzee alionja, akaonja tena, akasema: "Hii inachachuka kama tunda. Ile ya mashine ilikuwa chungu tu." Kahawa ya kapsuli nyingi hukaangwa sana ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka na ivumilie maziwa, na uchachu wa SL28 ndio unaotangulia kupotea motoni.

Uamuzi wangu basi ni huu. Hoteli inayopata mnywaji kahawa mmoja kwa siku, au ofisi ya kaunti ambayo wote hunywa chai isipokuwa mgeni mmoja, inaweza kununua mashine ya kapsuli bila kosa, maana pakiti iliyofunguliwa ingechacha kabla ya kwisha. Nyumba iliyozungukwa na mibuni haina haja nayo. Mizani, mashine ya kusagia kwa mkono na chujio vitaipa kahawa bora, na machicha yatarudi shambani kuwa mboji.

Kinachokosekana ni kahawa iliyokaangwa karibu na nyumbani, na hilo liko mikononi mwa vyama vya ushirika. Viko vilivyoanza kukaanga na kufungasha, lakini ni vichache. Msimu mkubwa huanza Oktoba. Mkutano wa wanachama ukiitishwa kiwandani kwenu, simameni muombe gunia moja la daraja zuri lisiende mnadani: likobolewe, likaangwe kidogo kidogo kila wiki, na liuzwe kwa pakiti za robo kilo pale pale mnapopima kahawa mbivu.