Lafudhi ya Mtawala: Kicheko na Mamlaka katika Televisheni ya Kenya

Katika Soko la Kenyatta, karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, anayengoja nyama ichomwe na anayesukwa nywele wote hupata muda wa kutazama televisheni. Mchekeshaji akiigiza lafudhi ya Mluo au ya Mkikuyu, watu hutabasamu. Lakini mteja mmojawapo akiigiza sauti ya mkubwa wa serikali, meza nzima huangua kicheko. Aghalabu wahakiki huviweka vicheko hivi viwili katika fungu moja, na hapo ndipo wanapokosea.

Mchezo wa Vitimbi, uliorushwa na Sauti ya Kenya na baadaye KBC, uliegemea kicheko cha kwanza. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mzee Ojwang', Mluo, kwa ustadi usio na mfano. Hata hivyo, ugomvi wa Ojwang' na Mama Kayai ulikuwa wa nyumbani, Ikulu haikuguswa. Hapakuhitajika katazo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kuwekwa kizuizini Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kusimamishwa huko Kamĩrĩĩthũ, na wasanii waliujua mpaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Redykyulass waliuvuka. Walter Mong'are alipomwigiza Rais Moi, mtawala naye alionekana kuwa mtu mwenye lafudhi, sawa na Ojwang'. Fani ilikuwa ile ile ya zamani. Aliyechekwa ndiye aliyebadilika. Vikaragosi vya Gado katika The XYZ Show, kuanzia mwaka 2009, viliendeleza kazi hiyo, ingawa kwa lugha vilikuwa hafifu zaidi: sura ilichekesha kuliko usemi.

Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza. Lakini Januari 2018 serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN, na Machi 2024 ikaagiza matangazo yake ya kulipiwa yapelekwe KBC. Kituo kinachotegemea fedha hizo hakihitaji kuonywa mara mbili. Walakini si haki kuilaumu hofu peke yake. John Kiarie wa Redykyulass aliingia Bungeni mwaka 2017. Aliyekuwa akiwacheka wakubwa akaketi miongoni mwao. Nao Churchill Show, pamoja na umaarufu wake, ulirudia kwa wingi utani wa makabila. Vichekesho havikupungua, ila kicheko kilirudishwa chini, kwa mwananchi.

Kicheko cha pili kimebaki mezani na kwenye simu. Jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili, ambalo vijana walimpachika Rais Ruto na kulipaza barabarani Juni 2024, lilienea bila kuhitaji kipindi chochote cha televisheni.