Swala Hana Mwalimu wa Zamu

Kitabu cha Bessel van der Kolk, The Body Keeps the Score, kilichapishwa mwaka 2014, na kimezunguka dunia hadi kufika kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu hapa Buzuruga, kikiwa faili linalorushwa kutoka simu hadi simu. Jina lake mwenye duka wa mtaani kwetu angelielewa bila mkalimani: mwili una daftari la madeni. Aliyepatwa na jambo zito hulibeba kwenye misuli, kwenye pumzi, tumboni na usingizini, hata pale ulimi unapodai kwamba limekwisha. Kwa hiyo, anasema daktari huyu wa magonjwa ya akili, kumketisha mtu kwenye kiti na kumwambia asimulie hakutoshi. Tiba ipitie mwilini pia: kupumua, kujinyoosha, yoga, maigizo, kucheza na wenzake.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na ningependa kila mwalimu wa malezi akisome. Hakihubiri tu. Mwaka huohuo wa 2014 yeye na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia wanawake ambao kiwewe chao kilikuwa kimeshindikana kwa tiba nyingine. Baada ya wiki 10 za yoga, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi lililopewa masomo ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Ni watu wachache, watu wazima, tena wa Marekani. Lakini si porojo.

Na sisi wa barabara ya Musoma tuna sababu ya kumsikiliza. Ukitoka Buzuruga ukapita Nyakato unafika Igoma, walikozikwa wengi waliokufa kwenye MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara na watu 228 wakafa. Mtu aliyenusurika majini, ambaye moyo unamwenda mbio akisikia injini ya kivuko kikiwa bado kimefungwa gatini, van der Kolk anamweleza vizuri kuliko mwandishi mwingine yeyote niliyemsoma. Hatari imepita, mwili haujapata habari.

Kabla yake alikuwepo Peter Levine, aliyetoa Waking the Tiger mwaka 1997. Chui milia aliye kwenye jina la kitabu hayupo Afrika, lakini mnyama anayebeba hoja nzima ni wa kwetu: swala. Swala anakimbizwa na duma, anaanguka kama amekufa; akibahatika kuponyoka, anatetemeka mwili mzima, kisha anarudi kula majani. Binadamu, kwa maelezo ya Levine, hujizuia kutetemeka, na ile nguvu ya kukimbia inabaki imefungiwa ndani. David Berceli, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika na Mashariki ya Kati, alikwenda mbele zaidi akaunda mazoezi ya kuichosha miguu mpaka itetemeke yenyewe. Mazoezi ya jamii hii sasa yanapelekwa kwa vijana na walimu wao katika nchi nyingi.

Swala wapo Serengeti, saa chache kwa basi kutoka Buzuruga, na ugomvi wangu unaanzia kwao. Swala wa Levine akishaponyoka, duma hayupo tena. Hatakiwi kurudi kesho saa moja asubuhi, kupanga mstari mbele ya duma, na kumwamkia shikamoo.

Mwalimu akinyanyua mkono afute ubao, mtoto wa dawati la mbele anainua kiwiko kukinga uso. Nimeliona hilo mara nyingi. Mfuasi wa van der Kolk ataliita kumbukumbu. Mimi naliita utabiri, na utabiri wenyewe mara nyingi ni sahihi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Kumfundisha mtoto wa dawati la mbele kuvuta pumzi taratibu mpaka kiwiko kishuke ni kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi bado yuko uani.

Ziwa hili lina kisa ambacho vitabu hivi vingefaidika nacho. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijafikisha miezi miwili ya uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kuacha. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Dunia inakikumbuka kama kichekesho. Lakini madaktari Rankin na Philip, waliokiandika mwaka 1963, walitaja pia vilio, hofu na wasichana waliokuwa hawatulii. Sumu hawakuipata, wala kidudu cha ugonjwa. Kwangu, mambo mawili katika taarifa yao yanazidi kicheko chenyewe. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Na shule ilipofunguliwa tena mwezi Mei, mambo yakaanza upya, ikabidi ifungwe kwa mara ya pili. Naisoma Kashasha kama taarifa iliyotolewa na miili ya wanafunzi kuhusu mahali walipokuwa, na wakubwa wakaitafutia maabara.

Hadi leo msichana akianguka na kutetemeka darasani tunasema ana mapepo. Anaitwa mchungaji au shehe, wenzake wanatolewa nje. Sasa mfikirie mtaalamu anayeingia darasa hilohilo kwa nia njema na kusema: watoto, leo tutatetemeka kwa makusudi. Mtetemeko ambao kwa swala ni tiba, kwa msichana huyu ni jina baya litakalomfuata mpaka nyumbani kwao. Levine hana ukurasa wa kumsaidia, kwa sababu swala wake hana majirani.

Kazi iliyonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni kavu kusoma na imejaa majedwali. Mabula Nkuba, Tobias Hecker na wenzao waliwafunza walimu wa sekondari za Tanzania kwa siku chache tu. Walimu walirudishwa kwenye fimbo walizochapwa wao wenyewe utotoni, wakapewa njia nyingine za kusimamia nidhamu, na namna ya kumtambua mwanafunzi aliyeelemewa. Matokeo yalichapishwa 2018: miezi kadhaa baadaye, walimu na wanafunzi kwa pamoja waliripoti ukatili uliopungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo.

Hapo ndipo ningewaalika watu wa tiba ya mwili, na ningewaelekeza ofisi ya walimu kwanza. Saa tano asubuhi, mwalimu hajanywa chai, madaftari ya kusahihisha yamefika kidevuni, shingo imekaza, kelele zinapanda, na mkono unaifikia fimbo kabla wazo halijafika. Fimbo zilizoufundisha mkono huo zilichapwa miaka 20 au 30 iliyopita, na aliyezichapa pengine ameshastaafu. Mtu ambaye hatari yake imepita na mwili wake haujapata habari, yule ambaye van der Kolk amemwandikia kurasa zote hizo, katika shule zetu ni mwalimu.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na kila mara iandikwe kwenye daftari maalumu. Kwa hiyo shule ina madaftari mawili, la mkuu wa shule na lile la van der Kolk. Sidhani kama yamewahi kulingana.

Kuna watakaosema tuachane na wageni, twende Bujora, kilomita chache mbele ya Igoma, tukapone kwa bugobogobo. Naipenda ngoma hiyo, lakini Bagika na Bagalu wanacheza ili kushindana, na anayekwenda kushindana huenda na dawa yake mfukoni. Tusiigeuze zahanati kwa lazima.

Tena shule zetu hazina upungufu wa mwili. Tuna mchakamchaka. Alfajiri, mguu mmoja, wimbo mmoja, mmoja anaanzisha na mamia wanapokea, mapafu yanafunguka na hata mtoto aliyekuja na huzuni kutoka nyumbani anajikuta anaitikia. Van der Kolk, anayesifia sana miili kwenda pamoja kwa mdundo, angeupenda. Kisha mnarudi mstarini, mwalimu wa zamu anapokea shikamoo, na waliochelewa wanaitwa mbele.