Masika Eastlands: Hesabu ya Siku Kumi

Mwezi wa Aprili, mtu wa Soweto ya Kayole anaweza kuanika nguo saa nane mchana jua likiwaka, na kufikia saa moja usiku Mto Ngong umeshapanda hadi kwenye mabati ya jirani. Mtaani halijaanguka hata tone. Mvua imenyesha pande za Dagoretti, ikashuka na Motoine, ikaingia Bwawa la Nairobi, ikapita Mukuru na Donholm, ndipo ikatufikia. Majirani husema mto umekuja. Nadhani neno hilo linaeleza hali yetu vizuri kuliko taarifa nyingi za hali ya hewa, maana maji yanayotusumbua Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, aghalabu ni ya mvua iliyonyeshea wengine.

Leo nataka tuchambue jinsi utabiri wa siku tano hadi kumi na tano unavyotengenezwa, na jinsi mkazi wa mitaa yetu anavyoweza kuusoma. Nimeuchagua makusudi. Utabiri wa kesho humkuta mtu amechelewa, ikiwa ana godoro, jiko na watoto watatu wa kuhamisha. Utabiri wa msimu mzima nao, kwa upande wa masika, una udhaifu ambao ni haki ya kila mtu kuujua.

Kabla ya masika, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, ICPAC, kilichoko Ngong, hukutanisha wataalamu wa Pembe ya Afrika na kutoa mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei. Mikutano ya namna hiyo imekuwepo tangu 1998. Mwelekeo hugawanywa mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Tuseme ramani inalipa fungu la juu asilimia 45. Watu husikia "mvua itakuwa nyingi," ilhali asilimia 55 iko kwenye mafungu mawili yaliyobaki. Hilo ni tatizo la usomaji, na linarekebishika. Tatizo la pili liko kwenye mvua yenyewe. Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, hufuata kwa karibu joto la maji ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, na bahari hubadilika polepole, kwa hiyo dalili huonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana mshiko wa namna hiyo. Huja wakati kaskazi inaondoka na kusi inaingia, na katika kipindi hicho cha mpito mambo yanayoamua mvua huzaliwa na kufa ndani ya wiki chache.

Masika ya 2018 yalilithibitisha hilo. Mielekeo ya msimu iliyotolewa mapema haikuashiria mvua kubwa kwa sehemu kubwa ya Kenya. Msimu ule ukaishia kuwa miongoni mwa yenye mvua nyingi zaidi kuwahi kurekodiwa nchini. Mary Kilavi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wenzake waliuchambua, wakachapisha matokeo mwaka huohuo katika jarida la Atmosphere. Ninaurudia uchambuzi wao kila Machi kwa sababu ya jambo moja: mvua nyingi ya Machi na Aprili haikutokana na siku mojamoja za kutisha. Ilitokana na vipindi vya siku kadhaa mfululizo, mvua juu ya mvua, ardhi ikiwa haijapata nafasi ya kukauka.

Nini kilileta vipindi hivyo? Mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walieleza wimbi kubwa la hewa linalozunguka ukanda wa ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki, likichukua takriban siku 30 hadi 60. Wimbi hilo likiwa juu ya Bahari ya Hindi, mawingu hustawi huko, na pepo za chini huku kwetu hugeuka. Badala ya upepo wa kawaida wa kutoka baharini, unyevu huingia kutoka magharibi, upande wa Kongo, na kukutana na milima yetu. Mwaka 2018 wimbi lilikuwa na nguvu, kisha vimbunga vikaongezea: Dumazile na Eliakim mwezi Machi, Fakir mwezi Aprili, vyote kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kimbunga kikisimama mashariki ya Madagaska huvuta hewa kuelekea kwake, na hewa hiyo hupita juu yetu ikitoka bara. Ndiyo maana kimbunga kilicho maelfu ya kilomita kutoka Nairobi, kisichogusa hata pwani ya Mombasa, kinaweza kulowesha Umoja.

Wimbi na vimbunga haviwezi kuonekana Januari. Wiki mbili au tatu kabla, dalili za wimbi huonekana. Kilavi na wenzake waligundua kwamba utabiri wa wiki chache mbele ulitoa ishara ya wazi ya mvua kubwa mwaka ule, na wakashauri kwamba wakati wa masika mkazo uwekwe kwenye utabiri wa siku na wiki badala ya ule wa msimu. Mimi nakubaliana nao kabisa.

Sasa tuingie jikoni, tuone utabiri huo unavyopikwa. Kituo cha Ulaya cha utabiri, chenye makao yake Reading, Uingereza, hakitoi jibu moja la siku 15. Kinaendesha hesabu ileile mara 51, kila mara kikianza na tofauti ndogo katika hali ya hewa ya leo, kwa kuwa hakuna anayeijua hali ya leo kikamilifu. Siku ya pili majibu 51 hufanana sana. Siku ya saba huanza kuachana. Siku ya kumi na mbili yanaweza kutapanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Mtabiri huangalia kutapanyika huko kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Majibu 40 kati ya 51 yakileta mvua siku zilezile, na kesho yake hesabu mpya ikarudia hivyo, hapo kuna jambo. Yakija 20, na kesho yakashuka hadi 8, ni kelele tu.

Tena kila hesabu huiona dunia kwa miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Mraba mmoja unaweza kumeza Umoja, Komarock, Kayole na Dandora kwa pamoja. Kwa hiyo usitarajie kompyuta za kituo hicho zikuambie kama kunanyesha kwenye ploti yako. Kutafsiri miraba hiyo kuwa habari ya mahali ni kazi ya watabiri wa Idara yetu, na lugha yao ina vipimo. Wakisema "sehemu chache" wanamaanisha chini ya asilimia 33 ya eneo, "sehemu kadhaa" ni 33 hadi 66, "sehemu nyingi" ni zaidi ya hapo. Taarifa ikitoka "sehemu kadhaa" Jumatatu na kufika "sehemu nyingi" Jumatano, kwangu huo ni mlango unaogongwa.

Vipo pia vipimo vya milimita, ambavyo watu wengi huvipita bila kuvijali. Tahadhari za mvua kubwa mara nyingi hutaja zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua chumba chetu cha kawaida cha futi kumi kwa kumi: paa lake ni kama mita 9 za mraba, kwa hiyo milimita 20 ni mitungi tisa ya lita 20. Ploti ya vyumba 20 inamwaga mitungi 180 kwenye mtaro mmoja ambao mara nyingi umejaa mifuko na maganda. Panua hesabu hadi kilomita moja ya mraba na unapata lita milioni 20, sawa na malori 2,000 ya maji yenye lita 10,000 kila moja.

Na ardhi ya kuyapokea maji hayo ni ipi? Upande wa magharibi wa jiji kuna udongo mwekundu unaokunywa. Embakasi, Donholm hadi Utawala ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka Februari hadi unaingiza mkono. Mvua ya kwanza huzama katika nyufa. Udongo hufura, nyufa hufunga, na baada ya hapo maji hayana pa kwenda isipokuwa barabarani na vyumbani. Siku ya nne ya milimita 15 hutudhuru zaidi kuliko siku ya kwanza ya milimita 40. Ndiyo maana sikagui namba kubwa zaidi katika utabiri wa siku kumi. Nimebandika kipande cha katoni nyuma ya mlango, na kila asubuhi ya Aprili nachora mstari kwa kila siku ya mvua iliyopita, kisha nahesabu ngapi zinatabiriwa kufuatana. Mistari mitatu na siku nyingine mbili za mvua mbele yake: viatu na vitabu vya watoto vinapanda juu ya kabati, mtaro wa mbele ya mlango unazibuliwa, na aliye ukingoni mwa mto anatafuta pa kulala.

Mwaka 2024 mwelekeo wa msimu ulisema mvua ingekuwa karibu na wastani hadi juu yake. Usiku wa kuamkia 24 Aprili Mto Mathare ulivunja kingo na watu wakapanda mapaa kuokoa maisha. Zaidi ya watu 200 walifariki nchini msimu ule. Tahadhari zilikuwepo, ila zilizungumzia "Nairobi," na Nairobi ni kubwa. Mtu wa Mathare anahitaji kujua kinachonyesha pande za Kiambu, mto wake unakotoka. Wa Korogocho anahitaji kujua habari za Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri ambako Mto Nairobi huanzia. Wa Kayole aangalie Dagoretti.

Makao makuu ya Idara yako Dagoretti Corner, upande uleule ambako maji yetu huanzia safari. Mvua yetu hupimwa hapo saa kadhaa kabla haijatufikia. Ombi langu kwa Idara na kwa Kaunti ni hili: kuanzia masika yajayo, kila tahadhari ya Nairobi itaje mto kwa jina, itaje mitaa iliyo chini yake, na itaje ni siku ya ngapi mfululizo ya mvua.