Gitaa la Mbaraka na Masikio ya Wahakiki

Tangu hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, iliyosikitikia vijana waliojua rumba na twisti wasijue ngoma za babu zao, wako miongoni mwetu waliolitazama gitaa kwa jicho la shaka. Kwao, hata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bendi iliyopiga muziki kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alikuwa mwazimaji tu.

Sisi hatukubaliani nao. Tumchukue mkulima wa Mabwerebwere, kule Kilosa, mbele ya redio yake. Anachosikia ni Kiswahili kilichotulia, na gitaa linalomwitikia mwimbaji kama wacheza ngoma wamwitikiavyo manju. Wahakiki hao walihesabu ala, kusikiliza hawakusikiliza.

Hata hivyo tusimsifu bila kipimo. Nyimbo zake za kuhimiza siasa, kwa maoni yetu, zimekauka zikilinganishwa na "Shida", ambamo dhiki ya mtu inasemwa bila kuhutubiwa. Alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Lugha ya gitaa lake ilikuwa ingali ikikua.